Kabla Hamjanunua Projekta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjini kwetu kuna jumba la sinema lililofungwa tangu kabla sijazaliwa. Lina ukumbi mmoja tu, na siku hizi ni stoo ya magunia. Baba mkubwa na rafiki zake wawili wanataka kulikodi walifufue, na bei ya projekta wameshaulizia. Wazee wa mtaani wanasema sinema iliuawa na video. Mama anasema siku hizi kila mtu ana simu, kwa hiyo ni kutupa pesa. Nani yuko sahihi? Halafu juu kwenye chumba cha mashine kuna mashine mbili kubwa na mikebe yenye kutu. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja kuzitazama mara mbili. Tuuze? (Msomaji wa mkoani, Tanzania bara)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: huyo wa chuma chakavu mwambieni asubiri. Sababu nitaitoa mwishoni, maana nikianza na mashine sitafika kwenye swali lako. Niliishi nazo miaka mingi.

Katika ubishi wa hapo nyumbani, mama yako yuko karibu na ukweli kuliko wazee, ila sababu anayoitoa siyo yenyewe. Video iliikuta sinema ya mtaa ikiwa taabani, ikammalizia mgonjwa. Simu imekuja msiba umeshaanuliwa zamani. Kilichoyaua majumba kama hilo lenu ni njaa ya picha, yaani kukosa mikanda mipya ya kuonyesha, na kama baba mkubwa hajui atakilisha nini kile kinywa kila wiki, projekta hata ya bei gani itamfia mikononi.

Nakueleza hivyo kwa sababu niliiona njaa hiyo kwa karibu. Niliingia chumba cha mashine mwaka 1979, kijana wa kubeba mikebe ya mikanda, baadaye nikawa opareta, na jumba lilipofungwa nikageukia kusoma na kufundisha habari zake. Kwa hiyo nivumilie nikipiga hesabu kidogo.

Chukua jumba la viti 500. Maonyesho mawili kwa siku, siku saba, una viti 7,000 vya kuuza kwa wiki. Sasa tuseme mji una watu 40,000. Ondoa watoto wachanga, wagonjwa, wasiotoka usiku, wasio na hela ya tiketi. Baki na 5,000 wanaoweza kuja. Ukibandika picha moja wiki nzima, hata wote wakija, siku ya tano umeshaumaliza mji. Siku ya sita unavionyesha viti. Majumba ya siku hizi yenye kumbi nne au sita hayana shida hiyo. Picha ikianza kupoa huhamishiwa ukumbi mdogo, na ule mkubwa unapewa picha mpya. Mwenye ukumbi mmoja hana pa kuihamishia. Dawa yake ilikuwa kubadilisha picha mara mbili au tatu kwa wiki, na kuiweka ile kubwa, mara nyingi ya Kihindi, siku ya Jumapili. Mara tatu kwa wiki ni picha 156 kwa mwaka. Hata ukirudia nusu yake, unahitaji mikanda 78 ambayo mji haujaiona. Ile 156 iandike ukutani, nitairudia.

Enzi za wafanyabiashara wenyewe, namba hiyo ilitimia na kupita. Unguja ndiko tunakokujua vizuri zaidi. Hassanali Adamji Jariwala alianza na mahema, kisha kwenye miaka ya 1910 akajenga jumba la mabati ambalo watu waliliita Sinema ya Bati, na mwaka 1921 akafungua Royal pale Vuga. Jengo hilo lilichorwa na J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyeacha mkono wake kwenye majengo mengi ya serikali ya Unguja. Royal iliungua mwaka 1953. Mahali pale pale ikajengwa Majestic, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, ikafunguliwa mwaka 1955. Hapo hapo Mji Mkongwe kulikuwa pia na Empire na Cine Afrique. Bara nako karibu kila mji wenye stesheni au soko kubwa ulikuwa na lake: Moshi walikuwa na Plaza, Arusha Metropole, Tanga wakawa na Majestic yao. Dar es Salaam ungeweza kuchagua kati ya Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox bila kuchosha miguu.

Waliojenga wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, watu wa mjini hapo hapo. Mwenye jumba ulimkuta mlangoni anahesabu vichwa, na aliwajua wateja wake kwa majina. Picha zilitoka Bombay, Kairo na Hollywood, na wenye majumba walishindana nani atapata ipi kwanza. Picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, Awara, waulize wazee wa pwani. Wako watakaokuimbia hata kama Kihindi hawajui neno. Mother India ya 1957 iliwaliza watu wazima na masharubu yao. Za Kimisri nazo zilikuwa na wenyewe, hasa Unguja, na tuni zake, pamoja na za Kihindi, zikahamia kwenye taarabu na kupewa maneno ya Kiswahili.

Jambo la Unguja lililonivutia nilipoanza kusoma habari hizi ni mkanda mmoja kulisha majumba mawili. Picha ilianza Empire, tuseme, saa moja usiku. Roli ya kwanza, yaani gurudumu la kwanza la mkanda, ikimalizika, kijana anaipakia kwenye baiskeli na kukata vichochoro mpaka jumba la pili, ambako onyesho lilipangwa kuanza nyuma kidogo. Baiskeli ikipata pancha, watu mia kadhaa wanakaa gizani wanapiga miluzi. Ulikuwa uchumi wa kubana, lakini ulifanya kazi kwa sababu mkanda ulikuwepo.

Na watu walikuwa wa kila aina. Tiketi ziligawanywa: viti vya mbele vya bei ya chini ambako shingo inauma, vya nyuma, na balkoni kwa wenye nazo. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, na kwa bibi zetu wengi hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kutoka bila kuulizwa sana, mtu kavaa, kajifukiza, ana shoga zake. Jumapili tiketi ziliisha mapema, kisha unawakuta walanguzi pembeni wanaziuza kwa bei yao. Baba mkubwa wako akikuambia alipigana foleni, mwamini.

Sasa njaa ilianzaje? Mwaka 1968 iliundwa Tanzania Film Company, shirika la umma, ambalo baadaye likashika kazi ya kuagiza na kusambaza picha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba: jengo lenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ambalo mwenyewe hakulikaa, lilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Majumba ya sinema yaliingia humo, na baadhi ya waliojenga wakawa wapangaji kwenye kuta zao wenyewe. Visiwani serikali ilishashika usukani mapema, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964.

Wapo wanaoishia hapo na kusema utaifishaji ndio uliua. Mimi siendi nao moja kwa moja. Nia ya kuwa na shirika letu ilieleweka: hela za tiketi zilikuwa zinaondoka nchini, na Watanzania hawakuwa wanatengeneza chao. Nilipoajiriwa, mwaka wa nane baada ya sheria ile, jumba letu bado lilikuwa linajaa siku za Bruce Lee. Tatizo ni kwamba mlango wa kuingizia picha ulibaki mmoja, na mlango huo ulifunguliwa kwa fedha za kigeni. Mafuta yalipopanda bei, halafu vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki, nchi ilikuwa inatafuta dola za dawa na za vipuri vya malori. Nani angetoa dola kwa ajili ya Amitabh Bachchan? Pamoja na hilo, kodi ya burudani ilikatwa kwenye kila tiketi, jumba liwe na faida au lisiwe nayo, kwa hiyo hakukubaki akiba ya kukarabati.

Kutoka chumba cha mashine mambo yalionekana hivi. Mkanda wa milimita 35 hukimbia vipicha 24 kwa sekunde, futi 90 kwa dakika. Picha ya saa mbili ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ya Kihindi ya saa tatu inakaribia kilomita 5. Kila ukipita kwenye meno ya mashine unachubuka. Mkanda mpya ukipita miji kumi bado ni mzuri. Ukizunguka nchi miaka sita, unanyesha. Tuliiita mvua, ile mistari myeupe inayoshuka kwenye skrini. Penye kukatika tulikata na kuunga, na kila kuunga kunakula vipicha vichache, mpaka steringi anaonekana yuko mlangoni, mara yuko juu ya farasi. Watazamaji walishaijua picha kwa moyo, wanasema maneno kabla ya muigizaji, na ikiruka wanapaza sauti, «Opareta, rudisha!» Nirudishe nini, na kipande kimo kwenye ndoo ya taka?

Kisha vijiti vya kaboni. Mashine zetu ziliwaka kwa vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana, umeme ukaruka katikati na kutoa mwanga mkali kama wa kuchomelea vyuma. Vijiti hivyo vinaliwa vinapowaka, na vilitoka nje. Vilipoadimika tulivitumia mpaka kisiki, mwanga ukawa wa njano, sura za watu ukazikisia. Nikikuambia nimewahi kuonyesha picha nzima bila kujua kama ni mchana au usiku ndani ya hadithi, usidhani natia chumvi.

Turudi kwenye video, na hapa ndipo nabishana na wazee wako. Tazama tarehe. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majumba yao hayakufungwa kwa sababu hiyo. Watu walitazama nyumbani na Jumapili wakaenda sinema. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kama kioo cha nyumbani ndicho kinachoua sinema, majumba ya bara yangekufa nyuma ya yale ya visiwani kwa miaka ishirini. Haikuwa hivyo. Kufika 1994 majumba mengi ya bara yalishachoka, mengine yana mapopo kwenye dari.

Video zilipoingia miaka ya 1980, nyingi zikija na watu waliotoka Uarabuni, zilijibu njaa iliyokuwepo tayari. Kwetu mtu analipa aone picha ya mwaka juzi inayonyesha mvua. Kwenye kibanda cha video anaona iliyotoka Bombay majuzi, japo kwenye kioo cha inchi 20, akiwa kwenye benchi la mbao, kakabwa na jasho la jirani. Benchi hizo ndizo zilizozaa jina banda umiza. Hata mimi nilikuwa naenda, usiku ambao sikuwa zamu. Meneja wetu aliniona siku moja nikitoka, akageuza uso. Baadaye nikamwona naye.

Na banda umiza lilifanya jambo ambalo majumba yetu hayakuwahi kulifanya: lilizungumza Kiswahili. Watafsiri wa picha, Lufufu akiwa ndiye aliyevuma kuliko wote hapa kwetu, walikaa juu ya hadithi ya Kichina au ya Kihindi wakaifanya ya Manzese. Steringi akapewa tabia za mtu unayemjua. Uganda na Kenya nao wana watu wao wa kazi hiyo mpaka leo. Sisi kwenye jumba tulimwachia mtazamaji ajitafsirie. Filamu za Bongo zilipokuja, zilikwenda moja kwa moja kwenye kanda na baadaye kwenye diski, dukani na sokoni. Majumba ya mtaa hayakuziona, kwa sababu mengi yalikuwa maghala, makanisa, au maduka ya vitenge.

Hatima hizo zilitofautiana. Ile Drive-In ya Dar es Salaam iliyofunguliwa 1966 huko Msasani, ambako familia zilikwenda na magari, mikeka na chakula cha jioni, kiwanja chake leo kimekaliwa na ubalozi wa Marekani. Nairobi, jumba la Shan pale Ngara lilipata bahati nzuri zaidi: likachukuliwa na watu wa sarakasi na ngoma, sasa linaitwa Sarakasi Dome. Dar yenyewe sinema ilirudi ikiwa ndani ya maduka makubwa, kama Mlimani City iliyofunguliwa 2006, yenye kumbi kadhaa na bei ya tiketi ambayo kijana wa mtaa anaitafakari mara mbili.

Pigo la mwisho kwa waliokuwa bado wanapumua lilikuwa la kidijitali. Kampuni ya Fuji ya Japani iliacha kutengeneza mikanda ya sinema 2013, na kampuni kubwa za Marekani zikahamia kwenye diski za kompyuta zenye kufuli. Picha inakuja imefungwa, na ufunguo wake unafungua kwenye mashine ile moja tu, kwa siku zilizokubaliwa. Mashine inayokubaliwa na kampuni hizo inauzwa makumi ya maelfu ya dola. Nashuku hiyo ndiyo bei aliyoipata baba mkubwa, na kama ndiyo, ainunue wa nini? Kwa picha gani?

Sasa swali lako lenyewe: linaweza kuishi? Linaweza, na mfano ninaoupenda ni wa mbali kidogo. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, jumba la Normandie lilikufa kwa vita. Mwaka 2010 Mahamat-Saleh Haroun, mwongozaji wa nchi hiyo, alishinda tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikawa aibu nchi kuwa na mshindi na isiwe na pa kumwonyesha. Serikali ikatoa fedha, jumba likakarabatiwa na kufunguliwa Januari 2011. Angalia lakini: lilihitaji fedha za serikali. Mtu atakayekuambia ukumbi mmoja utajilipa wenyewe kwa tiketi za picha peke yake, mwombe akuonyeshe daftari lake.

Ningekuwa mimi, ningeanza na karatasi za jengo. Ofisi ya Msajili wa Majumba iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, kwa hiyo huenda mwenye nyumba ni shirika hilo. Huenda pia ni halmashauri, au liliuzwa na sasa ni la mtu. Msikubali mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nimeona watu wakipaka rangi, wakatengeneza choo, wakaweka umeme, na mwaka wa pili kodi ikapandishwa kwa sababu jengo limependeza. Chini ya miaka kumi yenye bei iliyoandikwa, bora muonyeshe picha kwenye ukumbi wa shule.

Halafu ile namba ya ukutani. Hamtaipata 156, wala msiitafute, kwa sababu hamtafungua kila siku. Fungueni siku tatu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mwaka una wiki 52; picha moja kubwa kwa wiki na moja ya watoto mchana, jumla 104. Mtazipata wapi kihalali? Kwa watengenezaji wenyewe wa hapa nchini, ambao wengi kazi zao haziendi popote zaidi ya simu. Kwa waongozaji wanaopeleka kazi kwenye tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar, ambalo limekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa balozi na vituo vyao vya utamaduni. Kununua diski au kulipia programu ya simu hakukupi haki ya kuonyesha hadharani na kukata tiketi. Hapo mnahitaji ruhusa ya mwenye kazi, na mambo ya hakimiliki yanasimamiwa na COSOTA. Maonyesho yenyewe yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, kwa hiyo Bodi ya Filamu iwajue mapema. Mngekuwa Unguja au Pemba ningekutajia BASSFU kwa filamu na COSOZA kwa hakimiliki badala yake.

Mpira? Najua baba mkubwa ameshaufikiria. Simba na Yanga zitajaza ukumbi kuliko picha yoyote, na banda umiza za leo zinaishi kwa Ligi ya Uingereza. Nendeni nao, lakini kwa leseni ya kibiashara ya mwenye matangazo. King'amuzi cha nyumbani kinachoonyeshwa kwa watu 300 ni kesi inayosubiri. Na msiuachie mpira Jumapili zote, maana akina mama wakishazoea kwamba pale ni pa vijana wa kushangilia, hawarudi.

Hapo namrudia mama yako. Simu inampa mtu picha. Haimpi sababu ya kutoka na wenzake. Onyesho la wanawake na watoto, saa tisa alasiri, choo kisafi chenye maji, taa nje, mlinzi anayejulikana na mtaa: mkikosa hayo, yeye yuko sahihi na pesa mmeitupa. Mumuulize yeye picha gani angependa kuona. Sitashangaa akijibu ya Kihindi, tena ya zamani.

Mashine sasa. Pimeni upana wa skrini mtakayoweka. Tuseme mita 8 kwa 4.5, ambayo inatosha ukumbi wa watu 300. Kiwango cha mwanga wa sinema kwenye eneo hilo kinataka kama lumeni 5,400 (lumeni ni kipimo cha mwanga) zinazofika kweli kwenye pazia. Taa hupungua nguvu kadiri inavyozeeka, kwa hiyo chukueni projekta ya leza ya lumeni 7,000 au 8,000, ya aina inayotumika kwenye makongamano na makanisa makubwa. Ina bei, lakini haifiki hata karibu na ile ya makumi ya maelfu ya dola, na kwa kazi za watengenezaji wa hapa haihitaji ufunguo wa mtu. Kilichobaki wekeni kwenye sauti na giza. Kumbi za zamani zilitulizwa na viti vya sponji na mapazia mazito. Hilo lenu, kwa kuwa ni stoo, nadhani viti vilishang'olewa, sakafu ni saruji tupu, na Kiswahili ndani yake kitasikika kama mtu anazungumza kisimani. Ingieni humo mmoja apige kofi mara moja. Likiendelea kulia kwa zaidi ya sekunde moja, anzeni na mapazia ya ukutani kabla ya spika mpya.

Haya, chumba cha juu. Mkipanda, angalieni kwanza kuta na lile bomba la kutolea moshi wa kaboni. Vyumba vya enzi hizo wakati mwingine viliwekwa karatasi ngumu za asbesto kuzuia moto. Zikiwa zimevunjika, msifagie kavu wala kutoboa. Wekeni kitambaa cha maji na muite anayejua. Mashine zenyewe, kama zipo mbili, maana yake jumba lilibadilisha roli bila kusimama. Juu kulia kwenye picha hutokea doa dogo sekunde 8 kabla ya roli kwisha. Opareta anaiwasha mashine ya pili. Linatokea doa jingine, sekunde ya mwisho, anahamisha. Nililisubiri doa hilo maelfu ya usiku, na mpaka leo nikitazama picha ya zamani mkono unanitoka. Kwa bei ya chuma mtapata hela ya chakula cha wiki. Zikikaa ukumbini kwenye lango, zimesuguliwa, watu watapiga nazo picha na kuuliza ni nini.

Mikebe msiifungue chumbani mlimofungwa madirisha. Iteremsheni, mfungue moja mahali penye hewa. Mkisikia harufu kali ya siki, mkanda umeanza kuoza. Utengeni na mingine, kwani ugonjwa huo unaambukiza. Mkanda wenye unga wa kahawia, au unaonata kama asali, na ni wa kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, uacheni pale pale nje, mbali na jua na kiberiti. Mikanda ya aina hiyo huwaka, na maji hayaizimi. Iliyobaki, andikeni kilichobandikwa kwenye mkebe, herufi kwa herufi, hata kama ni Kihindi au Kiarabu msichokijua. Pigeni picha na simu, kisha wapelekeeni Nyaraka za Taifa orodha hiyo. Nami nitumie nakala. Mara nyingi ni picha ambazo India wanazo tele, lakini katikati yake huwa kuna roli fupi za matangazo ya mji wenyewe, sabuni na baiskeli na duka la fulani, zilizoonyeshwa kabla ya picha kubwa. Hizo ndizo ninazozitafuta.